Ndevu za Mfiwa

Miaka ile nilikuwa muuzaji katika duka la ushirika, karibu na pale soko jipya la Kariakoo lilipokuwa likijengwa, na sijawahi kuwa na mashoga wengi kama wakati ule. Sukari ilikuwa adimu, sabuni adimu, unga wa ngano ndiyo usiseme. Wanawake wasiojua hata chumba changu kiko wapi walinikumbatia njiani, wakaniuliza hali yangu na hali ya mama yangu Tunduru, halafu wakashusha sauti kuniuliza lori la sukari linakuja lini. Nikishajibu, mazungumzo yanafia hapo hapo. Jioni nilirudi nyumbani nikajifungia na redio, na hakuna aliyepiga hodi. Nilikuwa nimeachika, sina mtoto, na nilikuwa na mdomo mkali ambao mume wangu alisema ndio uliomkimbiza. Mimi nasema alikuwa keshaondoka kabla sijaufungua.

Nyumba niliyopanga ilikuwa upande wa Gerezani, nyumba ya Kiswahili kama zilivyo zote: mlango wa mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na vyumba kule, na uani choo, bomba na mahali pa kupikia. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kizaramo, mtu mzima, tuliyemwita Bibi. Katika chumba kilichotazamana na changu alikaa fundi wa injini, mgeni, mrefu kiasi cha kuinama kila mlango, aliyefanya kazi kwenye gereji ya Mhindi mmoja karibu na reli. Alikuja nchini na shehena ya matrekta, kuyafunga na kufundisha watu kuyatengeneza. Mkataba ulipokwisha wenzake walirudi kwao. Yeye akabaki, kwa sababu kwao kulikuwa na vita. Hayo ndiyo tuliyoyajua. Mengine tuliyajaza wenyewe.

Tulimwita Mwarabu. Hakukataa kwa maneno, ila ukimwita mara ya kwanza haitiki, mpaka umwite tena. Siku moja bombani ndoo yake ilikuwa inamwagika, nami nilikuwa nyuma yake na foleni ya dukani bado inaniuma miguuni, nikapaza sauti kwamba Mwarabu, ndoo imejaa, au unasubiri bahari? Akageuka. Akasema yeye si Mwarabu. Nikamwambia basi Mturuki. Hapana. Mwajemi? Hapana vilevile. Nikaishiwa, nikamuuliza kama ameanguka kutoka mbinguni.

Mtu mwingine angenitukana. Yeye aliitua ndoo, akaniita ndani kwa ishara ya kichwa, akasimama katikati ya ukumbi. Kiswahili chake alikiokota gereji, chini ya magari, kilikuwa na grisi na kilikosa viungo, lakini kilieleweka. Akaonyesha mlango wa mpangaji wa kwanza.

"Hiki Uturuki," akasema. "Hiki Irani. Kile Iraki. Kile kidogo, karibu na mlango, Shamu. Sisi Wakurdi wapi?"

Nikasema sijui.

Akapiga sakafu kwa kisigino. "Sisi ukumbi."

Nilimwelewa papo hapo, maana ule ukumbi nilikuwa naujua vizuri. Kila mpangaji alihesabu kipande cha mbele ya mlango wake kuwa mali yake. Huyu kaweka jiko, yule kaweka baiskeli, mwingine katandika mkeka na ukiukanyaga ni ugomvi wa wiki nzima. Wote tulipita pale, na hakuna aliyewahi kusema kwamba ukumbi ni kitu chenyewe, kina urefu wake na upana wake.

Kuanzia siku hiyo nikawa namuuliza na yeye ananijibu. Wakurdi, alisema, si kabila moja bali makabila mengi, kila moja na mkubwa wake, na ugomvi wake na jirani, na namna yake ya kusema ambayo wa mbali huisikia kwa taabu. La kwao lilikuwa la wafugaji wa kondoo. Wakati wa baridi walikaa mabondeni, upande wa Iraki. Jua likianza kuchoma walipanda na mifugo milimani, penye majani. Walifanya hivyo tangu mababu. Halafu, zama za babu yake, walipanda wakakuta askari, wakaambiwa majani yale sasa yako nchi nyingine. Basi waliokuwa juu wakabaki juu, na wa chini wakabaki chini. Amu zake wakawa raia wa Uturuki, wajomba zake wa Irani, shangazi mmoja aliolewa Shamu, yaani Siria, na wako wengine wachache mbali huko kwa Warusi. Watoto wa ndugu walisomeshwa kila mmoja kwa lugha ya serikali yake, na wakikutana harusini wanarudia lugha ya bibi yao ili wasalimiane.

Nikamwambia asidhani yuko peke yake. Sisi Wayao tuko Tanzania, tuko Msumbiji, tuko Malawi. Mama yangu mdogo alikuwa ng'ambo ya Ruvuma, na vita vya kule vilipopamba moto tulikaa miaka hatujui yu hai au vipi. Akasema nchi zake ni nne na zangu tatu. Nikamwambia huyo ni mtu gani anayetamba kwa shida. Akacheka, na ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka, kicheko kinene kilichomtoa Bibi uani kuja kuangalia kuna nini.

Ikawa kila jioni tunakunywa chai, yeye kwenye kizingiti chake, mimi kwenye changu, milango wazi na ukumbi katikati yetu, ili watu wasipate la kusema. Walilipata hata hivyo. Chai yake aliinywa kavu, kipande cha sukari kakibana menoni, ili kidogo kimfae vikombe vingi. Katika kata nzima yeye peke yake ndiye hakuwahi kuniuliza habari za lori. Kama nilimpenda? Nimejiuliza sana. Nilimzoea, na kwa mtu aliyekaa peke yake muda mrefu, kumzoea mtu si jambo dogo. Dukani nilianza kutazama saa.

Alasiri moja alirudi mapema, mikono ina grisi mpaka viwikoni. Nilikuwa nyumbani, duka halikuwa na kitu cha kuuza. Alisimama ukumbini akaniambia kwamba mtoto wa amu yake, yule wa upande wa Uturuki aliyekwenda kufanya kazi kiwandani Ujerumani, amepiga simu gereji. Baba wa fundi amefariki. Wakurdi walishindwa vita, watu wakakimbilia Irani kwa miguu kupitia milimani kwenye theluji, na mzee alifika lakini hakukaa. Alizikwa zamani. Habari ilizunguka miezi kabla ya kumfikia mwanawe. Alisema yote hayo bila kukaa, akaingia chumbani akafunga mlango.

Nyumba ilimtendea haki. Bibi alitandika mikeka, wanaume walikuja kutoka msikitini. Yeye alisali kama sisi, madhehebu yetu ni mamoja, na alipofika nchini jambo hilo lilimfurahisha sana: hakuna aliyelazimika kumwonyesha mikono inawekwa wapi. Matanga yakakaliwa siku zake. Ilipofika arobaini Bibi alisoma hitma, na mchele wa kulisha watu wale aliutoa anapopajua yeye, maana dukani kwangu haukuwapo. Baada ya dua akamwambia, mwanangu, msiba umekwisha, Mungu akupe subira. Mkurdi akashukuru, akainamisha kichwa.

Kesho yake akatoka na ndevu zake vilevile. Na mwezi uliofuata, na uliofuata huo. Kabla ya msiba alikuwa mtu wa kunyoa kila asubuhi uani, kipande cha kioo kakiegemeza kwenye bomba. Sasa ndevu zilimfika kifuani, zikachanganyika na mvi ambazo hatukujua kama anazo.

Watoto wa mtaa wakamwita shehe. Balozi wa nyumba kumi alikuja kumhoji kwa adabu kama amejiunga na kikundi chochote. Mhindi wake alimwonya kuwa siku moja feni ya injini itamnasa kidevu. Wote aliwajibu neno moja, bado. Bibi ndiye aliyeumia. Kwake yeye, mtu aliyesomewa hitma kisha akaendelea kukaa kama mfiwa amesema mbele ya watu kwamba hitma ile haikutosha. Akaanza kumwitikia shikamoo yake kwa nusu mdomo, akitazama kando.

Na jioni zetu zikafa. Alikaa kizingitini kama kawaida, lakini chai ilipoa mkononi. Nikimtania hasikii. Upweke wangu nilikuwa nimeuzoea ulipokuwa ndani ya kuta nne. Sasa ulikuwa umekaa mbele yangu na miguu mirefu, na ulinishinda. Nikamuuliza waziwazi, maana mimi kuzungukazunguka siwezi: unangoja nini?

Kwao, alisema, mfiwa hanyoi. Hanyoi mpaka mtu mzima mwenye heshima, wa nyumba nyingine, aje amshike mkono, amwambie inatosha, ampeleke mwenyewe kwa kinyozi. Vizuri zaidi akitoka kabila jirani, hata lile mliloteta nalo. Babu yake alipokufa, kabila walilopigana nalo kwa ajili ya majani na maji tangu enzi lilimteremsha mkubwa wake milimani, akaja akamtoa baba yake msibani kwa mkono wake, na ugomvi ukapoa miaka kadhaa. Mtu hajitoi mwenyewe. Wala haombi.

"Nikiomba, si kitu," akasema.

Na mpaka atolewe, mfiwa haanzi jambo. Haoi, hahami, hasafiri kwenda kukaa pengine. Hapo ndipo akaniambia la pili, kwa sauti ya chini, akitazama kikombe. Yule mtoto wa amu yake alikuwa amemtafutia kazi kiwandani kwake. Makaratasi yalikuwa tayari tangu muda. Kila alipopiga simu, jibu lilikuwa lile lile.

Dar es Salaam nzima, basi, mimi peke yangu ndiye niliyejua. Nikinyamaza, atabaki kizingitini pale, macho hayana mtu ndani. Nikisema, atatolewa, na akishatolewa ataondoka. Kutwa nilipima unga nikiligeuza kichwani, nikawazidishia watu vipimo hadi meneja akanitazama. Jioni nikarudi. Alikuwa amekaa gizani, hakuwasha taa. Nikamsalimu, habari za kutwa, naye akajibu, "Bado," kabla hajasikia nimesema nini. Nikaingia kwangu nikalia, nikanawa uso, nikaenda kwa Bibi kumwomba aseme naye tena.

Bibi alinikatalia. Alisema yeye kashamsomea, sasa anataka nini, apigiwe na ngoma? Sikuthubutu hata kufika kwenye habari ya kinyozi. Nilijua kwamba Bibi akishanuna namna ile, mji mzima una mtu mmoja tu wa kumnyanyua: mtani wake.

Huyo alikuwa Mnyamwezi, kinyozi, aliyekuwa na kiti na kioo chini ya mwarobaini upande wa Msimbazi. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu siku za misafara, na mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Alipokufa mume wa Bibi, kinyozi huyu aliingia kaburini akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe haki yake, hadi waliokuwa wanalia wakacheka. Ndiye pia aliyefagia nyumba siku ya kuanua matanga. Anaweza kumwambia Bibi lolote, na Bibi hana ruhusa ya kukasirika.

Nilimweleza yote. Alifuta wembe wake polepole, akaniuliza Wakurdi watani wao ni akina nani. Nikasema huku hawana. Jambo hilo lilimshtua kuliko theluji na vita. Kabila zima halina mtani, akasema, sasa nani anawazika?

Ijumaa baada ya sala alikuja akasimama mlangoni kwetu, akaanza kwa sauti ya kusikika mpaka barabara ya pili.

"Nyie Wazaramo kazi yenu pilau tu. Kupika mnajua, kula mnajua, kumaliza msiba hamjui. Isingekuwa mimi, wewe mpaka leo ungekuwa umejifunika kaniki unajifuta kamasi."

Bibi alitoka na mwiko mkononi. Akamjibu kwamba mbeba mizigo aliyesahauliwa na msafara wake hana la kumfundisha mwenye mji, na mengine ambayo siyaandiki. Walipandishana hivyo mpaka majirani wakajaa barazani, na niliona uso wa Bibi unalegea kidogo kidogo. Mwishoni aliutua mwiko, akaniuliza mimi, kwa sauti ya kawaida, kijana huyo anangoja nini hasa. Nikamwambia. Akauliza mbona hakusema. Nikamwambia kwao haisemwi. Akaingia ndani kuvaa buibui.

Mkurdi alisema mtu mzima mwenye heshima, na mimi nilipomsikia nilifikiria mwanamume, mwenye kilemba pengine. Sikujua kama mwanamke anafaa. Nikamnong'oneza Bibi wasiwasi wangu, akaniuliza kwani mwenye nyumba hii ni nani.

Alisimama mbele ya chumba cha Mkurdi akamwita, mwanangu, toka. Akatoka, ameinama kama kawaida. Bibi hakumfika kifuani. Akamshika kiganja cha mkono.

"Inatosha," akamwambia. "Baba yako kalala. Twende."

Alinitazama mimi juu ya kichwa cha Bibi. Alijua nani amesema. Nikageuza macho ukutani, na niliposikia nyayo zake zinamfuata Bibi nikajua kwamba mwanamke anafaa.

Tulikwenda kwa miguu mchana kweupe, Bibi mbele, kamkamata mkono kama mama anayempeleka mtoto kudungwa sindano, majirani nyuma. Kinyozi alikuwa ametutangulia. Alimkalisha, akamfunga kitambaa shingoni, akanoa wembe. Halafu, badala ya kuanza, akasimama. Akamuuliza, huyo marehemu alikuwa na kondoo? Mkurdi akaitikia kwa kichwa. Basi mimi mtani wake, kinyozi akasema, kondoo wangu wako wapi?

Kwetu sisi ni jambo la kawaida, mtani asipodai msibani amekutenga. Lakini yeye alilijulia wapi? Nilifumba macho, nikasema moyoni tumeharibu.

"Wamevuka mpaka," Mkurdi akasema. "Nenda kawadai."

Akaanza kucheka, kile kicheko kinene, na katikati yake kikageuka kilio. Alilia kwa sauti, mtu mzima, njiani, Kariakoo. Kinyozi alimshika kichwa kisitikisike, akamnyoa huku analia, kwa upole, mpaka akamaliza. Chini ya ndevu ngozi ilikuwa imepauka, na tuliyemwona pale alikuwa kijana kuliko tuliyemleta. Akasimama, akachukua mkono wa Bibi, akaubusu, akauweka kwenye paji la uso wake. Bibi, asiyeijua desturi ile, akampapasa paji akitafuta homa. Akasema hana homa, mpeni maji.

Hakukawia kuondoka. Siku ya safari gari la Mhindi lilimngoja nje, begi lake moja limeshapakiwa. Aliaga vyumba vyote, akaja kizingitini kwangu mwisho. Akasema, dada, wewe ndiye uliyenitoa. Nikasema ni Bibi. Akasema Bibi alishika mkono tu. Mimi, mwenye maneno ya kuwatosha wateja wa kata nzima, nikamwambia gari linakungoja, utachelewa ndege. Ndiyo niliyoyapata. Akaenda.

Chumba chake kilipangishwa kwa karani mmoja kutoka Kilimanjaro, mtu mwema, aliyefunga mlango wake akiingia na akitoka. Na mimi nikafunga wangu. Niliendelea na kazi, nilikula, nililala. Lakini kanga nilivaa ile ile, na nywele zangu, ambazo nilikuwa nazisuka kila mwisho wa wiki, nikaziacha chini ya kitambaa. Sikuamua hivyo. Nilistuka tu siku moja nikaona nimekaa matanga. Na nani angejua? Mtu aliyeondokewa na mzima mwenye afya yake, aliyekwenda kwenye kazi nzuri, hatandikiwi mkeka. Wenzangu nyumbani walifikiri nimezidi ukali, wakanipisha. Bibi alinitazama mara mbili tatu kama anayetaka kusema, akaacha. Nami kumwambia sikuweza. Ningeombaje?

Nilikaa hivyo muda mrefu. Jumapili moja asubuhi nilivua kitambaa, nikachukua kitana na kioo, nikajitazama, nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Inatosha."

Nikangoja. Sauti ilikuwa yangu mwenyewe. Nikakirudisha kitambaa kichwani.